Petroli Iliyopungua Bila Mnunuzi

Kwanza mnivumilie. Mwandiko wangu unalala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na yapo maneno ambayo hata sasa sina hakika nimeyaandika sawasawa. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache kuliko jembe. Ukurasa mmoja unanimalizia jioni nzima. Lakini kusema mbele za watu kunanishinda zaidi ya kuandika, kwa hiyo nimechagua lililo rahisi kati ya magumu mawili. Mkikuta kosa, rukeni mwendelee.

Shangazi yangu Minza tulimzika mwaka huu, baada ya pamba kuvunwa, kule kule Sapiwi alikoishi. Nilitoka Nassa asubuhi na kufika msibani wanawake wakiwa wameshaanza kupika. Nikapewa ungo nichambue mchele. Nilikuwa nimeinama, kanga imenifunika kichwa, nikasikia sauti ya Mama Nkwimba nyuma yangu. Huyu ni jirani wa ng'ambo ya barabara, anauza chai na maandazi tangu nikiwa mdogo. Alikuwa anamwambia mwanamke nisiyemfahamu, "Huyo si ndiye yule wa petroli?" Mwenzake akauliza petroli gani. "Mwaka wa korona. Alimmalizia marehemu mafuta, madumu kwa madumu, anampa kijana wa bodaboda." Yule mwingine akasema, "Huyu, mpole hivi?" Mama Nkwimba akacheka kwa pua. "Wapole ndio wenyewe." Mchele ukanipotea machoni. Miaka yote hii nilidhani jambo lile lilikwisha mwaka ule ule, kumbe lilikaa jikoni kwa watu likipikwa upya kila penye msiba. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule jinsi nilivyouona mimi, niliyekuwa ndani ya nyumba.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati, na haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia chini ya kenchi za paa, kwa hiyo mtu akiongea chumba cha mwisho, maneno yake yalipita juu na kukushukia kama vumbi. Nililala chumba cha kati pamoja na magunia ya mahindi na madumu ya petroli. Shangazi aliuza petroli ya chupa. Asubuhi nilipanga chupa juu ya benchi kando ya barabara, na pikipiki zilisimama, na mimi nilimimina kwa faneli yenye kipande cha kitambaa cha kuchujia. Petroli ilitoka sheli mjini Bariadi. Jilala ndiye aliyeileta, kijana wa bodaboda aliyekuwa anaegesha pikipiki yake uani kwetu na kula kwetu mara nyingi. Vifuniko vya madumu havikuwepo. Watoto walivichukua wakatengeneza magurudumu ya magari yao ya kuchezea, na kwetu dumu likikosa kifuniko linazibwa kwa gunzi la mahindi. Maziwa kwenye kibuyu yanazibwa kwa gunzi, pombe inazibwa kwa gunzi, na petroli nayo tuliiziba hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuona ubaya, kwa sababu dumu lilikuwa halimalizi siku mbili. Liliingia limejaa, likatoka tupu. Jilala alikuwa ananitania kila jioni: "Kabula, leo umesema maneno mangapi? Mawili? Utachoka, pumzika." Nami nilicheka bila kutoa sauti, naye akasema hata kicheko changu kimezibwa kwa gunzi.

Korona ilitufikia kwanza kwa redio. Shule zikafungwa, ndoo ya maji na sabuni ikawekwa mlango wa kanisa la kigango, na watu wakaanza kusalimiana kwa kugusana miguu. Kila mtu alikuwa na habari yake. Mmoja alisema ugonjwa hauwezi jua la Simiyu, mwingine alisema umeshafika Lamadi na unafichwa. Shangazi hakuwa mtu wa kuamini anachoambiwa. "Redio haisemi yote," alisema huku anakatakata mlenda. "Wakitaka kufunga barabara watatangaza wakishafunga. Jilala, niletee petroli, leta yote unayoweza kubeba." Jilala akaenda mjini na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka chumba changu kikajaa na mimi nikawa nalala nimejikunja kati ya magunia na madumu. Shangazi aliyatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wake wakiingia zizini. Alikuwa na hakika kwamba siku barabara itakapofungwa, Sapiwi nzima itakuja kumpigia magoti.

Barabara haikufungwa. Watu ndio waliojifunga wenyewe. Basi la Mwanza lililozoea kupita limejaa hadi mlangoni likawa linapita na abiria wachache, kila mmoja na dirisha lake kama viongozi. Malori yalipungua. Wanafunzi wa bweni hawakuwa na safari, wageni wa harusi hawakuwepo, na hata misiba ya mbali watu walituma pole kwa simu. Vijana wa bodaboda walilala juu ya pikipiki zao kijiweni, kofia usoni. Vumbi lilitulia. Minyaa ya kando ya barabara, ambayo siku zote niliijua kuwa ya kahawia, mvua iliiosha ikabaki kijani kwa majuma mengi. Nguo zilikauka kambani bila kupata rangi ya udongo. Mchana ulisikia kengele za ng'ombe kutoka mbali sana, na asubuhi hewa ilikuwa haina ule moshi mweusi wa malori unaokaa kooni. Mimi nilipenda, ingawa sikumwambia mtu. Shangazi kimya kile kilimtia hofu. Mikokoteni ya ng'ombe ilitoka tena, ikabeba pamba, ikabeba mahindi, ikabeba hata mgonjwa kwenda zahanati. Mwenye mkokoteni mmoja alipita mbele ya benchi letu akapaza sauti, "Jilala! Mimi najaza tangi kwa majani!" Jilala akamjibu bila kuinuka, "Na wewe usijisifu, hata lako linatoa moshi kwa nyuma, tena unanuka kuliko wangu!" Tulicheka wote isipokuwa shangazi, aliyekuwa anazitazama chupa zake zilivyobadilika rangi juani.

Kiangazi kilipoanza ndipo alipogundua. Aliinua dumu ambalo halijaguswa tangu lije akaliona jepesi. Akainua la pili. Siku hiyo alichukua kipande cha mkaa akachora mstari kwenye kila dumu, pale petroli ilipofika. Alichora mbele ya macho yangu, taratibu, anihakikishie kwamba nimeona. Baada ya muda petroli ikawa chini ya mstari kwa upana wa kidole. Kisha vidole viwili. Nilianza kuishi kama mtu aliyezungukwa. Nikitoka uani alinifuata kwa macho. Nikifua alikuja kunusa nguo kambani, wakati kila nguo ya nyumba ile ilinuka petroli, hata ya kwake ya kanisani. Nami nikaanza kuwatazama wengine. Nilimtazama Jilala, ambaye pikipiki yake ililala hatua chache kutoka dirisha langu. Nilimtazama nesi Zuhura, mpangaji wetu wa chumba cha uani, mtu wa Tanga aliyeletwa na kazi zahanati, ambaye alikuja na pikipiki ya zahanati na ndiye pekee aliyekuwa anasafiri kila siku. Alituambia tusishikane mikono na tukae mbalimbali. Shangazi alimpokea kwa uso tu. "Mtu anayekukataza mkono wake ana jambo mkononi," nilimsikia akisema usiku upande wa pili wa ukuta. Na siku nyingine, Mungu anisamehe, nilimtazama shangazi mwenyewe nikajiuliza kama hauzi kwa siri ili aje kutudai sisi.

Jioni moja alipika ugali wa mtama, mlenda na dagaa, akamwita Jilala aje kula. Nilijua kuna kitu, maana alikuwa hamwiti tena. Tulikaa sebuleni, nesi Zuhura akiwa mlangoni na sahani yake, kwa kuwa yeye hakula karibu na watu mwaka ule. Shangazi akamsogezea Jilala mboga. "Kula, mwanangu. Kula ushibe. Siku hizi watu wanashiba vya kwangu bila kukaribishwa."

Jilala akaacha tonge hewani. "Shangazi, sema wazi."

"Wazi ni nini? Dumu haliongei. Na huyu naye haongei." Akanionyesha kwa kidevu. "Ninaishi na mabubu."

"Pikipiki yangu imelala, matairi yanaoza. Petroli niipeleke wapi, niinywe?"

"Labda unauza."

"Kwa nani? Kwa ng'ombe?"

Nesi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Shangazi hakugeuza uso kutoka kwangu. "Kabula, funguo za chumba unazilalia wewe. Mtu asiye na kosa husema. Sema." Nilikuwa na maneno. Nayakumbuka hata leo, yalikuwa mafupi: sijachukua, sijui inakokwenda. Yalifika kooni yakakaa. Nilitazama sahani yangu, na nilipoinua macho niliona kwamba kimya changu kimeshakuwa jibu. Jilala aliosha mikono, akasema wabeja, asante ya kwetu, kwa sauti kavu, akasukuma pikipiki yake mpaka nje ya uwanja. Hakuegesha tena kwetu. Shangazi akasema Jumamosi atakwenda kwa mtemi wa sungusungu.

Kwa asiyejua, sungusungu ni walinzi wa kijiji, na mtemi ni mkubwa wao. Wakikukuta na kosa, nyumba yako inalipa, na usipokubali, kijiji kinaambiwa kikuache. Hakuna atakayekusalimia wala kukupa moto wa kuwashia jiko. Mimi nisingekuwa na la kukubali wala la kukataa. Ningerudishwa Mwamapalala nilikotoka, na jina la mwizi lingefika kabla yangu. Niliwaza habari hiyo kila nilipoinama kufagia.

Kabla ya Jumamosi shangazi aliyahamisha madumu chumbani kwake. Tuliyabeba pamoja, mimi nashika mbele yeye nyuma. Akafunga dirisha, akaweka kufuli jipya mlangoni, ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na rozari. Nilishukuru. Nilijua sasa petroli itasimama, na hata kama atasema ilisimama kwa sababu mwizi amefungiwa nje, angalau nisingekuwa na deni jipya la kushukiwa. Safari ya kwa mtemi akaiahirisha, akasema anataka kwanza kuona. Akalala na madumu yake kama mzazi na mtoto mchanga.

Ilipungua. Nilijua kabla hajasema, kwa jinsi alivyotoka asubuhi moja na kukaa kizingitini bila kunawa uso. Mchana Mama Nkwimba alikuja, wakaingia ndani, nami nilikuwa chumba changu napukuchua mahindi. Maneno yakapita juu ya ukuta.

"Mlango una kufuli," shangazi alisema. "Ufunguo sijauvua hata nikioga."

"Basi huo si mkono wa mtu, Minza. Hiyo ni chuma ulete."

Chuma ulete ni uchawi wa kuvuta mali ya mwenzako bila kuigusa. Niliacha kupukuchua.

"Nani wa kunifanyia hivyo?"

Mama Nkwimba akashusha sauti, lakini nyumba isiyo na dari haina sauti ya chini. "Mtoto asiyeongea. Umewahi kujiuliza kwa nini haongei?"

Nilingoja shangazi aseme hapana, huyo ni damu ya kaka yangu. Nilisikia tu maji yakimiminwa kwenye kikombe. Wizi kwetu unalipwa na kusahauliwa, lakini neno lile jingine limeshatoa watu uhai. Nilifunga kanga zangu mbili kwenye mfuko, nikauweka chini ya gunia, nikawa nalala na viatu miguuni.

Siku chache baadaye shangazi aliamka na kichwa. Kilimuuma kama kinapasuliwa, na kifua kilimbana. Sote tuliwaza jambo moja. Hakutaka kusikia habari za zahanati, alisema wakikuingiza huko hawakurudishi. Akajifungia chumbani, akaniamuru nimchemshie nyungu ya kujifukiza: majani ya mwarobaini, malimao, tangawizi. Nilifanya hivyo uani. Nyungu ilipoanza kutokota aliita, "Lete na jiko lake, isipoe." Nikabeba jiko la mkaa likiwa linawaka, nyungu juu yake, hadi mlangoni kwake. Alikuwa ameshafungua. Harufu iliyotoka mle ilinipiga machoni yakatoka machozi. Nikasimama. "Leta! Mbona unasimama? Unataka nife?" Sikuweza kusema kwa nini nimesimama, miguu ndiyo iliyojua. Nikarudi nyuma hatua moja, naye akaanza kulia kwamba sasa ameona kwa macho yake, kwamba namkatalia hata dawa.

Nesi Zuhura alitoka chumbani kwake amevaa ndala mguu mmoja. "Rudisha moto! Rudisha uani, upesi!" Akanisukuma begani, yeye aliyekuwa hagusi mtu. Kisha akaingia, akafungua dirisha, akamshika shangazi mkono na kumtoa nje chini ya kivuli. "Jamani mama, ungelipuka na nyumba nzima. Hiyo harufu unadhani ni nini?"

"Ni harufu ya petroli. Kwani ni kosa?"

"Harufu ya petroli ni petroli yenyewe. Iko hewani. Inatokea kwenye hayo magunzi, na bati linaichemsha mchana kutwa, na wewe umelala unaivuta. Kichwa kitaachaje kuuma?"

Shangazi akamgeukia. "Nesi," alisema, "wewe una lako." Jioni kichwa kilikuwa kimeacha, lakini hakumshukuru mtu.

Hakumwamini, lakini alikuwa mtu asiyejiamini hata yeye mwenyewe, na nadhani hilo ndilo lililoniokoa. Majuma yaliyofuata aliyahamisha madumu kwenye kibanda cha jiko la zamani, akafunga kufuli lile lile. Siku moja mlango ulipokuwa wazi nikaona dumu moja lina kifuniko cha bluu, kile cha dumu la maji la nesi. Mengine yalibaki na magunzi. Yote alikuwa ameyachorea mistari mipya. Kila mmoja wetu alipita mbele ya kibanda kile akijifanya haoni. Pamba ikaisha mashambani. Ndipo asubuhi moja aliponiita, akafungua mlango, akasimama pembeni niingie. Dumu lenye kifuniko petroli ilikuwa pale pale kwenye mstari. Yenye magunzi yalikuwa yameshuka. Tulisimama tukiyatazama, na jua lilikuwa linapenya kwenye matundu ya bati likiyapiga mgongoni. "Umeona," alisema. Nikaitikia kwa kichwa.

Siku ya mnada alinunua vifuniko. Jioni akachinja jogoo. Nyumbani kwake firigisi ilikuwa ya mgeni mkubwa au ya kaka yake akija, na nisingeota kuigusa. Aliitoa chunguni kwa mwiko, akaiweka kwenye sahani yangu, juu kabisa, akageuka kutazama ukuta. Nilielewa. Niliila polepole, na kila nilipotafuna nilisema moyoni kwamba yamekwisha. Hakuna siku nyingine iliyofanana na ile kati yetu. Alinipenda baada ya hapo, nadhani, na nilipoolewa Nassa alilia. Lakini firigisi niliila ndani, na wizi nilikuwa nimesingiziwa nje. Kwa Mama Nkwimba hakwenda. Kwa Jilala hakwenda, naye alihamia Mwanza mwaka ule ule magari yaliporudi barabarani, akiwa anaamini kwamba ama mimi ni mwizi ama nilikaa kimya aonekane yeye.

Huwa nawaza kwamba mwaka ule watu walisema hewa imepumzika, magari yamelala, moshi umepungua. Ni kweli, niliiona minyaa. Lakini petroli yetu sisi haikumbeba mtu hata mmoja na bado ilikwenda huko huko juu, na ikiondoka ilivunja nyumba. Na mimi iliniachia tabia. Mtu akisogelea kitu changu namtazama mikono kabla ya uso. Mume wangu akiingia jikoni nageuka. Sipendi, ila ndivyo nilivyo.

Pale msibani nilijaribu. Niliweka ungo chini, nikageuka, nikasema, "Mama Nkwimba, sikuiba." Sauti ilitoka, hata mimi nilishangaa. Mama Nkwimba akaniuliza, si kwa ubaya, "Basi yalikwenda wapi, mayu?" Nikasema yalipaa hewani. Kicheko kilichotoka jikoni pale kilifika mpaka kwa wanaume. "Yalipaa!" mmoja alisema huku anajifuta machozi. "Kama nabii Eliya!" Mtu pekee aliyeona ile mistari pamoja nami alikuwa amelala ndani ya jeneza, na nesi Zuhura alihamishwa zamani, sijui yuko mkoa gani.

Kwa hiyo nina ombi. Kati yenu mnaosoma lazima yupo aliyeuza petroli ya chupa mwaka ule, au aliyeweka dumu ndani akingoja safari ambayo haikuja. Kama nawe ulifungua ukakuta imepungua na hakuna aliyegusa, niandikie. Mpe barua huyo huyo aliyekupa kurasa hizi, itanifikia. Andika kifupi, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu: ulikuwa wapi, uliziba kwa nini, ulimshuku nani. Nikipata hata barua moja kutoka kwa mtu asiyenijua, nitapanda gari kwenda Sapiwi, nitakaa kwenye benchi la Mama Nkwimba, niagize chai, na nitamsomea kwa sauti.